Hati Ilikuwa na Jina la Mume

Husemwa kwamba wanawake wa Tanzania hucheza upatu kwa sababu hawazijui benki. Nikiisoma historia yetu, naona wanazijua vizuri mno.

Enzi za Mwingereza, sheria ya Tanganyika ilimzuia mkopeshaji asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani, ila kwa mkataba ulioidhinishwa na serikali. Ikaitwa ulinzi, lakini ilimfungia Mwafrika mlango wa mkopo. Uhuru ukaondoa kikwazo cha rangi, cha jinsia kikabaki. Benki ilitaka dhamana. Dhamana ilikuwa nyumba au shamba, na hati mara nyingi ilikuwa na jina la mume.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitambua haki ya mke kumiliki mali yake mwenyewe. Sheria za ardhi za 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Hata hivyo, haki mpya haikufuta majina kwenye hati za zamani.

Mwaka 2009 ikafunguliwa Benki ya Wanawake Tanzania, pamoja na mafunzo ya biashara. Mwaka 2018 ikaunganishwa na TPB, iliyokuwa Benki ya Posta. Haikutimiza miaka kumi.

Upatu ungalipo, kwa kuwa dhamana yake ni majirani wanaokujua. Lakini zamu yako ikifika, utanunua magunia ya mpunga. Mashine ya kukoboa utaendelea kuitazama kwa mwenzako. Ndiyo maana nauheshimu upatu, ila sikubali ugeuzwe kisingizio cha benki.