Kasenge: Kisiwa cha Ng'ambo kwenye Njia ya Tabora

Kasenge ni kisiwa kidogo cha Ziwa Tanganyika, karibu na mwambao wa magharibi, kaskazini mwa Kalemie, katika Kongo ya leo. Ni mgongo mwembamba wa ardhi wenye urefu wa kama maili moja, na mkondo mdogo wa maji unakitenga na bara. Katika karne ya 19 kilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliofuata njia ya Tabora.

Misafara iliyotoka Bagamoyo na Kaole ilipumzika Kazeh, penye Tabora ya leo, makao ya Waarabu na Waswahili katika Unyanyembe. Kutoka hapo njia ilipita Msene, ikavuka mto Malagarasi kwa kulipa ushuru, ikapita kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza na kufika Ujiji, mwambao wa mashariki wa ziwa. Waliotaka pembe za Uguha na Uruwa, nchi za ng'ambo ya magharibi, walipanda mitumbwi. Kwa kuhofia dhoruba, mitumbwi haikukata ziwa moja kwa moja. Ilifuata mwambao wa mashariki kwenda kusini hadi Kabogo, ikangoja maji yatulie, ndipo ikavuka.

Safari ya namna hiyo inayojulikana zaidi ni ya mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke. Yeye na mwenzake Richard Burton walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, na Februari 1858 wakaliona ziwa. Burton alikuwa mgonjwa, na macho ya Speke yalikuwa mabovu. Ili kulichunguza ziwa walihitaji jahazi, nalo lilikuwa Kasenge, mali ya mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamid. Speke aliondoka Ujiji tarehe 3 Machi, Sidi Mubarak Bombay akiwa mkalimani wake. Mabaharia walikuwa na miiko yao: mabaki ya chakula hayatupwi majini yasije yakavuta mamba, wala majina ya rasi hayaulizwi chombo kikiwa safarini.

Katika kisiwa cha Kivira, jirani na Kasenge, dhoruba ilipiga usiku. Speke alipowasha mshumaa, hema likajaa mbawakawa wadogo, na mmoja akamwingia sikioni. Samli iliyoyeyushwa haikumtoa; Speke akamchokonoa kwa kisu, akamuua na kujijeruhi. Kwa miezi kadhaa vipande vya mdudu viliendelea kutoka, na kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, watu wakacheka.

Jahazi hakulipata. Sheikh Hamid alikuwa anakwenda Uruwa kutafuta pembe, hivyo akaliahidi baada ya miezi mitatu. Alimweleza Speke pia kwamba kaskazini mto mkubwa hutoka ziwani. Mwezi uliofuata Burton na Speke walikwenda Uvira kwa mitumbwi, wakaambiwa kinyume chake: mto huo, Rusizi, huingia ziwani. Wapelelezi David Livingstone na Henry Morton Stanley walilithibitisha jambo hilo kwa macho yao mwaka 1871.

Lango la kutokea maji ya ziwa lilikuwa upande ule ule wa Kasenge, kusini zaidi. Mwaka 1874 mpelelezi Verney Lovett Cameron, ambaye naye alifika kwa njia ya Tabora, aliuona mto Lukuga ukitoka ziwani kuelekea magharibi, unakoungana na mto Kongo.