Binti Asiyetaka Sindano: Tunajifunza Nini kwa Sayyida Salme?



Sisi tunaoshona huku Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, tunasikia mengi tukiwa kwenye cherehani. Mama anakuja kupimwa gauni la shughuli huku akilalamika kwamba binti yake anashinda juu ya miembe na wavulana: "Hili jikedume langu nitamwoza nani?" Mwingine ana mvulana anayeokota vipande vya vitambaa na kuviunganisha, na mjomba ameshasema atautoa huo ukike kwa bakora. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba si dogo.

Kabla ya bakora, tuiulize historia. Na tuanzie huko huko visiwani kwenu.

Binti wa Mtoni

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri ya Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeingizwa utumwani tangu utotoni.

Binti wa kasri alitarajiwa kutulia na kushona. Salme hakuwa na subira ya sindano. Kaka yake Majid akamfundisha kutumia upanga, jambia, mkuki na bunduki, na Salme mwenyewe ameandika kwamba mama yake hakupendezwa kabisa. Hata hivyo, katika kumbukumbu zake anamtaja mama huyo kwa mapenzi makubwa. Mama alichukizwa na silaha, lakini hakumchukia mtoto. Tofauti hiyo ni kubwa, na wazazi wengi huisahau.

Kulikuwa na jambo jingine zito kuliko upanga. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika kuliachiwa wavulana. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akawa ananakili herufi za Msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Habari zilipotoka, alisemwa.

Mwaka 1859 mama yake alifariki kwa kipindupindu. Mwaka huo huo ndugu yake Barghash alipoasi dhidi ya Majid, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani, Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyeandika barua za waasi, kwa sababu alijua kuandika. Uasi ulishindwa.

"Mnaona alivyoishia?"

Tunajua wapo mtakaosema hivyo. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja. Mwaka 1867 alibatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, akaitwa Emily. Hatulifichi hilo, na kwetu Waislamu linauma. Lakini kusema kalamu ndiyo iliyomtoa ni kuionea kalamu. Wangapi wanaandika leo na dini yao iko imara? Mume alipofariki mwaka 1870 na kumwachia watoto watatu wadogo ugenini, Salme alitafuta riziki kwa kufundisha lugha. Kile alichokatazwa ndicho kilichomsaidia kulea yatima. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake, na leo wanahistoria wa Zanzibar hawawezi kuziruka.

Ukitaka mfano mwingine, mtazame Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakutaka aende shule. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka. Binti akakua, akaongoza ngoma, na mwaka 1955 akaanza kuwaingiza wanawake TANU kwa maelfu, wakati kusimama jukwaani kulihesabiwa kazi ya wanaume. Alibaki Mwislamu mpaka alipofariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Na mvulana mwenye sindano?

Hapa hofu huwa kubwa zaidi, na majina ya mtaani huwa makali zaidi. Lakini nani kasema sindano ni ya mwanamke? Pwani yote, wanaume wamekaa barazani na vyerehani vyao, wakishona kanzu na suti, na hakuna aliyewacheka. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alishona nguo yake na viatu vyake mwenyewe. Na siku ya Uhud, Nusayba bint Ka'ab alishika upanga kumkinga Mtume, akajeruhiwa.

Tunayajua mafundisho kuhusu mwanamume kujifananisha na mwanamke na mwanamke kujifananisha na mwanamume, na masheikh wapo wa kuulizwa. Lakini kushona, kupika, kupanda mti au kupenda hesabu ni kazi na vipaji. Mengi tunayoyaita dini ni desturi tu, tena desturi iliyokwisha kubadilika. Enzi za Salme, binti kuandika kulikuwa aibu. Leo bibi harusi asiyejua kuandika jina lake tunamhurumia.

Kwa utakayekuwa mama

Mtoto wako akitoka tofauti na ulivyomwombea, jiulize kwanza: hili limekatazwa na Mwenyezi Mungu, au linanitia aibu mbele ya majirani? Kama ni aibu tu, ibebe wewe mkubwa, usimtwishe mtoto. Usimwite jikedume mbele ya watu, maana jina hukaa mwilini kuliko alama ya fimbo. Na hata pale penye wasiwasi wa kweli, bakora na dhihaka humfundisha mtoto kuficha tu. Mpe kazi halali anayoiweza, mfundishe sala na haya, na umweke karibu. Mjomba naye azungumzwe kwa heshima, faragha, mtoto asisikie.

Allah atujaalie watoto wema, na atupe sisi vifua vya kuwalea kama alivyowaumba. Aamin.