Ibn Khaldun

Ibn Khaldun (jina kamili: Abu Zayd Abd al-Rahman ibn Muhammad ibn Khaldun al-Hadrami, Tunis, 27 Mei 1332 – Kairo, 17 Machi 1406) alikuwa mwanahistoria, kadhi na mwanafikra wa Afrika Kaskazini. Anajulikana hasa kwa Muqaddima, kitabu kinachoeleza kwa nini dola huinuka na kwa nini huanguka. Wengi humhesabu miongoni mwa watangulizi wa sosholojia na elimu ya uchumi.

Maisha

Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, nchi ambayo pia ni asili ya familia nyingi za Kiarabu za pwani ya Afrika Mashariki. Mababu zake waliishi Sevilla, Hispania, kwa karne kadhaa, wakahama muda mfupi kabla ya mji huo kutekwa na Wakristo mwaka 1248. Hatimaye walilowea Tunis, chini ya masultani wa nasaba ya Hafsi. Huko Ibn Khaldun alihifadhi Kurani na kusoma fiqhi ya madhehebu ya Maliki, kisha akasoma mantiki na hisabati kwa mwanachuoni al-Abili. Tauni ya miaka 1348–1349 iliwaua wazazi wake wote wawili pamoja na walimu wake kadhaa.

Kazi yake ya kwanza serikalini ilikuwa kuandika kwa hati nzuri maneno ya kumhimidi Mungu yaliyotangulia nyaraka za sultani. Haikumridhisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini alitumikia ikulu moja baada ya nyingine, na karibu kila aliyemtumikia alikuwa na mpinzani aliyekitaka kiti chake. Huko Fes alifungwa karibu miaka miwili kwa tuhuma za kula njama. Mwaka 1364 sultani wa Granada alimtuma Sevilla kwa Mfalme Pedro wa Kastilia, ambaye alimwahidi kumrudishia mali ya mababu zake iwapo angebaki, lakini alikataa. Mwaka uliofuata alikuwa waziri mkuu wa Bijaya, lakini mwaka 1366 mtawala wake aliuawa na binamu yake, naye akalazimika kutafuta kwa kwenda.

Mwaka 1375 alipata hifadhi kwa kabila la Awlad Arif katika ngome ya Qalat Ibn Salama, Algeria ya leo. Alikaa huko karibu miaka minne, na rasimu ya Muqaddima aliimaliza mwaka 1377 kwa muda wa miezi mitano. Baadaye alirudi Tunis, kwani alihitaji maktaba. Mwaka 1382 aliomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akapanda meli ya Aleksandria na hakurudi tena Maghrib, yaani upande wa magharibi wa Afrika Kaskazini.

Kairo alifundisha al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamteua kuwa kadhi mkuu wa Maliki. Kipindi hichohicho meli iliyokuwa ikileta familia yake ilizama. Alivuliwa ukadhi na kurudishiwa mara kadhaa. Alifariki akiwa ameushika kwa mara ya sita.

Mtekaji Timur alipouzingira mji wa Damasko mwaka 1401, Ibn Khaldun alikuwa ndani yake. Alishushwa ukutani kwa kamba, akaenda kuonana na mshindi huyo. Timur alimtaka amwandikie maelezo ya nchi za Maghrib, na akaulizia pia baghala wa Ibn Khaldun: je, ni mzuri, na je, anauzwa?

Muqaddima

Kitabu hiki ni utangulizi wa historia yake kubwa, Kitab al-Ibar. Kinaanza kwa kuwakosoa wanahistoria wanaopokea habari bila kuzipima. Mfano wake mmoja ni habari iliyonukuliwa na al-Masudi kwamba Musa alihesabu jangwani askari zaidi ya 600,000. Ibn Khaldun anajibu kuwa jeshi la ukubwa huo lisingeweza kupigana: safu zake zingeenea kupita upeo wa macho, na upande mmoja usingejua upande wa pili unafanya nini. Anaongeza kuwa vizazi vilivyopita kati ya Yakobo na Musa ni vichache mno kuzaa watu wengi hivyo. Kwake, kabla ya kuuliza kama msimulizi ni mwaminifu, sharti kuuliza kama jambo lenyewe linawezekana.

Ili kulijibu swali hilo alihitaji elimu ya jamii yenyewe, na hiyo ndiyo aliyodai kuianzisha. Nguzo yake ni asabiyya, yaani mshikamano wa kundi unaotokana na nasaba, ulinzi au kiapo. Watu wa jangwani na milimani huwa nayo kwa wingi kwa sababu hawawezi kuishi bila kutegemeana, na kwa nguvu hiyo huiteka miji. Wakishatawala, kizazi cha kwanza hubaki na ukakamavu wake, cha pili hukumbuka tu, na cha tatu huzama katika anasa na kukodi watu wa kukilinda. Kizazi kimoja alikikadiria kuwa miaka 40, hivyo umri wa kawaida wa dola ni miaka 120.

Kodi nazo hufuata mkondo huo. Dola changa hutoza kidogo na kupata kingi, kwa kuwa watu wana ari ya kuzalisha. Dola iliyochakaa hupandisha viwango ili kulipia anasa na askari, watu wakakata tamaa na mapato yakapungua. Mtawala anayeingia mwenyewe katika biashara, alionya, huwafilisi raia wasioweza kushindana naye.

Ukosoaji

Wakosoaji husema kanuni zake zimetokana mno na Maghrib, na kwamba juzuu nyingine za Kitab al-Ibar hazifuati daima vipimo alivyoviweka mwenyewe. Aliandika pia maneno ya dharau juu ya watu weusi, akiihusisha tabia yao na hali ya hewa, ingawa aliikataa hadithi kwamba weusi wao ni laana ya Hamu. Hata hivyo, kazi yake ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya orodha ya wafalme wa Mali, akiwemo Mansa Musa.

Athari

Al-Maqrizi, mwanahistoria mashuhuri wa Misri, alikuwa mwanafunzi wake. Waosmani waliisoma Muqaddima na kuitafsiri kwa Kituruki katika karne ya 18, wakitafuta maelezo ya hali ya dola yao. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka miaka ya 1860, na mwaka 1981 Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja katika kutetea upunguzaji wa kodi. Wataalamu wengine wanatahadharisha dhidi ya kumfanya mtu wa zama zetu: alikuwa mwanasheria wa Maliki, na katika sura ya sita ya kitabu chake anawapinga waziwazi wanafalsafa waliodai kuwa akili peke yake inatosha kuufikia ukweli wote.