Bega la Kulia

Historia ya Kenya mara nyingi tunaipokea kwa masikio: hotuba ya rais, msomaji wa habari wa saa moja, mzee akisimulia palivyokuwa. Mimi nataka tuisome kupitia bega. Bega la kulia hasa, kwa sababu hapo ndipo kamera ya habari ilikaa miaka mingi. Nyuma ya picha nyingi tunazozikumbuka kuna mtu aliyeibeba hapo hadi shingo ikakauka.

Nina sababu yangu ya kujali. Chuo niliacha karo iliponishinda, na siku hizi nikiwa siandiki, narekodi harusi na mazishi na kamera ya mtumba ya kubeba begani. Kwa hivyo nikitazama picha za zamani, macho yangu hukimbilia jambo moja: picha imetulia ama inatikisika? Jibu hunionyesha mwili wa mtu ambaye haonekani.

Tuanze na Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi aliyezaliwa 1943. Alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka wa 1963, akiwa na miaka 20 hivi. Enzi hizo wapigapicha wengi wa habari walitumia Bolex, kamera ya filamu ya milimita 16. Unaijaza kwa mkono kama saa ya zamani, inakimbia karibu nusu dakika, halafu unaijaza tena. Uzito wake ni kilo tatu hivi, na inashikwa mbele ya uso, si begani. Tom Mboya alipopigwa risasi pale Government Road tarehe 5 Julai 1969, barabara tunayoiita Moi Avenue leo, Amin alifika na kamera dakika chache baadaye. Hapo hakuna nafasi ya kutafuta kiti cha kuegemea. Viwiko unavibana mbavuni, unaachia pumzi polepole, unabonyeza.

Halafu video ikaja, na uzito ukapanda. RCA TK-76, iliyotoka 1976, ilikuwa kama kilo 9 begani. Na hiyo ni kamera peke yake. Kanda ilikuwa kwenye mashine nyingine, zaidi ya kilo 10, iliyoning'inia kwa mtu wa sauti, na kati yao kulikuwa na waya. Hebu fikiria: mpigapicha akikimbia, mtu wa sauti lazima akimbie. Mmoja akianguka, mwingine anavutwa. Ni mwaka wa 1982 ndipo Sony ilipotoa Betacam, kamera na kinasa kanda vikawa kitu kimoja. Waya ukatoka, lakini mzigo wote sasa ukaketi juu ya bega moja.

Wale wazee walijua siri ambayo mtu wa simu hawezi kuamini: uzito wenyewe husaidia. Kitu kizito hakitikisiki ovyo. Simu ukiishika, kila mpigo wa moyo unaonekana. Kamera ya begani inameza mitetemo midogo, bora tu iwe imesawazishwa. Lenzi ni nzito mbele, kwa hivyo betri inakaa nyuma kuipinga, na unaisogeza kamera mpaka ukiachilia mikono inataka kubaki yenyewe. Ikilalia mbele, ni mkono unaobeba, na mkono huchoka haraka kuliko mgongo. Miguu unaitanua kiasi, magoti unayalegeza. Ukitembea, unatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa pomoni. Zumu unaiogopa, maana ikivuta sura karibu inavuta na mtikisiko. Heri usogee kwa miguu.

Mkono wa kulia unaingia kwenye ukanda wa lenzi: unashika, unazumu, unawasha. Wa kushoto ndio unaozungusha fokasi na kupima mwanga. Kumbuka huo wa kushoto.

Oktoba 1984 Amin alikuwa Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Ripoti ya njaa ilirushwa tarehe 23 mwezi huo, na ndiyo iliyozaa wimbo wa Band Aid mwaka huo huo na tamasha la Live Aid Julai 1985. Dunia ilisikia sauti ya Buerk. Lakini nikiitazama leo, kinachonishika ni jinsi kamera inavyopita polepole juu ya watu waliolala chini alfajiri. Haikimbii na haigeuzi uso. Kuna mtu alikaza magoti yake mbele ya maiti, akakataa kutikisika.

Juni 1991, siku chache baada ya Addis Ababa kuanguka mikononi mwa waasi, ghala la silaha lililipuka jijini humo. Amin alipoteza mkono wa kushoto. John Mathai, mtu wake wa sauti, alipoteza maisha.

Amin alitengenezewa mkono wa bandia wa umeme, akarudi kazini na kamera. Hadithi hiyo husimuliwa sana, na inastahili. Aliendelea mpaka tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro, naye akiwemo.

Lakini Mathai ametajwa mara ngapi? Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na watu wawili. Mmoja anasimuliwa kwa sababu alirudi na mkono wa chuma. Mwingine amebaki nusu sentensi ndani ya hadithi ya mwenzake, na sisi tuliorithi picha tunadhani zilijipiga. Mimi naona tuanze kuwaandika wote, kwa majina yao kamili: aliyebeba kamera, na aliyebeba sauti.