Miwani ya London na vikao vya wanawake wa Kivu: historia ya kutibu huzuni kali

Mwezi wa pili mwaka 2016, watafiti wa chuo kikuu cha UCL mjini London na wenzao wa Barcelona walitangaza habari iliyozunguka dunia nzima. Wagonjwa 15 wa huzuni kali, ugonjwa ambao wengi huku Kivu huuita tu « mawazo mengi », walikuwa wamevishwa miwani kubwa yenye kufunika macho yote. Ndani ya miwani hiyo mtu haoni tena chumba alimoketi. Anaona chumba kingine kilichochorwa na kompyuta, na akiinua mkono, anaona mkono wa mwili mwingine ukiinuka. Wataalamu wanaita jambo hilo uhalisia pepe.

Walichofanya ni hiki: mgonjwa alijiona katika mwili wa mtu mzima, na mbele yake mtoto analia. Aliombwa amtulize kwa maneno ya upole, na pole pole mtoto alinyamaza. Kisha mambo yakageuzwa. Mgonjwa akawekwa ndani ya mwili wa yule mtoto, akamwona mtu mzima akimwinamia na kumwambia maneno yale yale, kwa sauti yake mwenyewe. Yote yalichukua dakika 8 hivi, mara moja kwa wiki, kwa wiki 3.

Mwenye huzuni kali mara nyingi anajihukumu vibaya kuliko adui yake angeweza kumhukumu. Mtoto wa jirani akilia atambembeleza. Nafsi yake mwenyewe anaitukana. Mwezi mmoja baadaye, wagonjwa 9 kati ya 15 walisema huzuni imepungua, na kwa 4 kati yao ilikuwa imepungua sana. Ni habari njema, lakini ndogo. Hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha, na watafiti wenyewe walikubali hivyo.

Miwani yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1968, Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito hata kikafungwa kwenye dari. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1995 ndipo Barbara Rothbaum na Larry Hodges, mjini Atlanta, watangaze kwamba wamekitumia chombo cha namna hiyo kutibu watu wenye kuogopa kimo: lifti, daraja, roshani, vyote vya kuchorwa. Baadaye kundi lao likawarudisha askari wazee wa vita vya Vietnam ndani ya helikopta na msitu wa kompyuta, ili wazoee tena kukumbuka bila kuvunjika.

Lakini dawa haikuwa miwani. Msingi wake ulikuwa umewekwa Philadelphia katika miaka ya 1960 na munganga Aaron Beck. Aliwasikiliza wagonjwa wake, akagundua kwamba kila mmoja ana mawazo yanayorudi yenyewe: sina maana, yote ni kosa langu, kesho haitakuwa nzuri. Beck hakuwaambia waache kuwaza. Aliwafundisha kulishika wazo moja na kuliuliza maswali kama shahidi mbele ya tribinali: ushahidi uko wapi? Kitabu chake na wenzake juu ya kutibu huzuni kilitoka mwaka 1979. Baadaye Patricia Resick, naye wa Marekani, akaitengeneza njia ya jamaa hiyo kwa ajili ya wanawake waliobakwa.

Na hapa ndipo Kivu inaingia katika historia hii, kabla ya miwani ya London. Mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na wenzao, wakishirikiana na shirika la IRC, walipeleka njia ya Resick vijijini, Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Wanawake 405 waliopitia ubakaji walishiriki, kutoka vijiji 15. Katika vijiji 7 walikaa katika vikundi vya watu 6 hadi 8: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha vikao 11 vya pamoja, saa mbili kila kimoja. Katika vijiji 8 walipata msaada wa kawaida, mmoja mmoja. Kwa hiyo huku kulinganisha kulikuwepo.

Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma. Karatasi za mazoezi zinazotumika Marekani zilirahisishwa ili mtu aweze kuyashika maswali kichwani. Maelezo yaliwekwa katika Kibembe, Kifuliru, Kihavu, Mashi na Kiswahili. Waliofundisha hawakuwa waganga wa akili, bali wanawake wa huku huku, wasaidizi waliopata mafunzo na kufuatiliwa kazini. Na vita havikuwa vimekwisha. Vikao viliendelea hivyo hivyo.

Matokeo yalitoka mwaka 2013 katika gazeti la waganga la New England Journal of Medicine. Kabla ya kuanza, walioonyesha dalili za huzuni kali au wasiwasi mkubwa walikuwa 71 kwa 100 katika vikundi, na 83 kwa 100 upande wa msaada wa kawaida. Miezi 6 baada ya matibabu, upande wa kawaida walikuwa wamebaki 42 kwa 100. Katika vikundi, 9.

Hesabu hiyo haikuzungumzwa mitaani kama miwani ilivyozungumzwa, jambo la kusikitisha kidogo, kwa maana familia nyingi za wakimbizi wa ndani bado zinaamini kwamba mama asiyelala wala kula amerogwa, au anangoja mashine ya Ulaya. Vikao vile havikuhitaji umeme. Vilihitaji mahali pa faragha, saa mbili, na mwanamke aliyefundishwa kuuliza: wazo hilo kwamba ni kosa lako, ulilipata wapi?