Shule Tatu za Kijiji Kimoja

Katika vijiji vingi vya nchi yetu huonekana shule mbili au tatu za sekondari zisizo mbali sana: moja ya mapadri, nyingine ya Waprotestanti, na ya tatu isiyo na dini, ambayo watu huiita «ya Serikali». Jina hilo la mwisho linapotosha. Kwa sheria, zote tatu ni shule za umma. Zinafuata programu moja ya taifa, na wanafunzi wake hufanya Mtihani wa Serikali uleule.

Mgawanyiko ulitoka mbali. Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu kilipatana na Serikali ya Mfalme Léopold II: misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Tangu miaka ya 1920, wakoloni walizisaidia kwa fedha misheni zilizoitwa «za kitaifa», maana yake za Kibelgiji, na karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Waprotestanti, ambao wengi walitoka Uingereza, Marekani na Uswidi, walijenga na kulipa walimu kwa sadaka zao, hata ruzuku ilipowafikia baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948. Tuseme wazi, ijapokuwa si tamu masikioni mwetu: tunapojivunia majengo imara ya shule zetu za zamani, tunajivunia pia fedha ambazo jirani alinyimwa. Shule zisizo na dini kwa watoto Waafrika zilipata nguvu chini ya waziri Auguste Buisseret, kuanzia 1954, na mijini zaidi kuliko vijijini.

Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizitwaa zote, na somo la dini likaondolewa. Uendeshaji ukaishinda Serikali. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: Serikali ilipe walimu na kuweka programu, Makanisa yaendeshe shule.

Mapatano hayo yangalipo, lakini sehemu ya malipo ililegea. Mishahara ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi ndio walioanza kuwatunza walimu. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi. Sekondari bado hulipwa.

Basi anayelinganisha shule za kijijini kwake asiishie kwenye kibao cha mlangoni. Aulize ni walimu wangapi waliomo katika orodha ya mishahara ya Serikali, kwa maana mwalimu asiyemo hula kwa karo, na karo ikikosekana mtoto hurudishwa nyumbani. Aulize ni wasichana wangapi waliingia darasa la kwanza na ni wangapi wamebaki darasa la mwisho. Dini isimzuie: ibara ya 45 ya Katiba ya 2006 inakataza ubaguzi wa dini katika kupokea wanafunzi.

Liko swali moja ambalo halmashauri za wazazi huliogopa. Pale ambapo watoto ni wachache, kila shule hufungua madarasa yake yaliyo nusu tupu, na zote tatu humtafuta mwalimu mmoja wa hisabati. Je, nani atakayekubali kwanza kumgawana na jirani?