IST Mpanda: kabla hujatoa hela, soma hapa

Wadau, mavuno yakishauzwa swali ni lile lile: ninunue IST?

Toyota IST ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2002, ndugu yake Vitz, ina cc 1300 au 1500. Injini zote mbili ni za cheni, sio mkanda. Ukiwahi kumwaga oili unadumu nayo. Siti za nyuma zinalala, gunia la mchele linaingia.

Sasa ujanja wa madalali. Utaambiwa "hii namba D, bado mpya kaka". Herufi inaonyesha gari ilisajiliwa lini hapa Bongo, basi! Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi, na jina liwe la huyo huyo anayekuuzia. Hapo usilegeze hata kama ni shemeji yako.

Halafu iko chini. Mpanda mjini na lami ya Tabora raha tupu, ila barabara za vumbi vijijini, hasa mvua zikianza Novemba, zinakula shokapu na bushi. Ingia mvunguni uangalie sampo, lile bakuli la oili, kama imegongwa au inavuja. Wanaoinyanyua kwa spesa wanapata nafasi kidogo, ila kwenye kona inayumba.

Watu watano inawatosha. Wa sita apande bajaji.